Paipu zenye majina kwa seva ya mafaili: maswali yanayoulizwa kila mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa mafundi wenzangu hapa Mombasa, wale wanaoshika maofisi ya klearing kule Kilindini, saiba za Mwembe Tayari, mahoteli ya Nyali na Bamburi, mashule, popote penye kompyuta moja ya Linux imewekwa Samba, ile programu inayoifanya iwe seva ya mafaili, na wafanyakazi wote wanasevu kazi zao humo. Folda tunajua kuzitengeneza, ruhusa tunajua kuziweka, lakini hii sehemu ya paipu wengi wanairuka manake haionekani kwa macho, na ndio hiyo hiyo inayowatesa siku list ya folda inapopotea. Pale panapohitaji urefu nimeandika kwa urefu.

Hii paipu ni nini hasa, na inahusiana vipi na mafaili?

Seva ya SMB, ile lugha ya kushirikiana mafaili ambayo Windows na Samba huongea, ina kazi mbili kwa mlango mmoja, ule wa TCP namba 445. Kazi ya kwanza kila mtu anaijua: fungua faili, soma, andika, funga. Kazi ya pili ni kujibu maswali. Una shea gani, yaani folda ama printa ulizoziweka wazi kwa netiweki? Wewe ni seva toleo gani? Hii namba ya mtumiaji ni ya nani? Nibadilishie paswadi, nionyeshe printa. Maswali hayo hayaendi kwa diski, yanaenda kwa programu iliyo ndani ya seva, na njia yake ndio paipu yenye jina. Klaienti, yaani kompyuta inayouliza, anaifungua kama anavyofungua faili, anapewa namba ya kushikia kama ya faili, anaandika na anasoma, lakini upande wa pili hakuna faili, kuna programu inasikiliza. Fikiria lile dirisha la kioo kwa kaunta ya ofisi, unapenyeza fomu yako kwa chini, unangoja, jibu linarudi hapo hapo, makabati ya ndani huyaoni wala huyagusi.

Kama kuna jambo moja ningependa kila fundi alishike ni hili, paipu inaitishwa kama faili lakini haina saizi, haina folda, haina zile ruhusa za chmod, na ukiishughulikia kama faili utazunguka siku nzima ukibadilisha vitu ambavyo havikuwa na shida.

Ni ile ile ya mkfifo ya Linux?

La. Ile ya mkfifo ni ya ndani ya mashine moja, na baiti zinafuatana tu bila mipaka. Hii ya SMB inapita kwa netiweki, inaenda na kurudi kwa namba ile ile moja, na inaweza kulinda mipaka ya ujumbe, yaani ukiandika baiti 72 upande wa pili anajua huo ni ujumbe mmoja wa baiti 72. Ukitengeneza mkfifo ndani ya folda ya shea ukitarajia Windows iione kama paipu utangoja bure.

Mbona naona IPC$ na mimi sikuiweka?

Seva inaitengeneza yenyewe, kila seva ya SMB inayo. Klaienti akikonekti kwa shea yoyote, kwenye jibu seva inamwambia pia aina ya hiyo shea: 0x01 ni diski, 0x02 ni paipu, 0x03 ni printa. IPC$ ni 0x02. Hakuna folda nyuma yake, usiitafute kwa diski na usiipe path kwa smb.conf, lile faili la mipangilio ya Samba.

Paipu zote ziko chini yake. srvsvc inajibu mambo ya seva na list ya shea, wkssvc mambo ya kompyuta yenyewe, lsarpc inageuza namba za watumiaji kuwa majina, samr inashika akaunti na paswadi, netlogon ni ya domeni (netiweki ambayo akaunti zote zinasimamiwa mahali pamoja), spoolss ni ya printa, winreg ni ya rejista. Hizo ndio utakutana nazo kila siku.

Ombi moja linapita wapi na wapi mpaka jibu lirudi?

Tuchukue lile la kawaida kabisa. Dada wa mapokezi ameandika \\192.168.1.10 akabonyeza enta, anataka kuona folda zote za ofisi.

Kompyuta yake na seva zinakubaliana kwanza toleo la lugha, hiyo ni NEGOTIATE, alafu anaingia kwa jina na paswadi, SESSION_SETUP, alafu TREE_CONNECT kwa \\192.168.1.10\IPC$. Mpaka hapo hakuna tofauti yoyote na kufungua folda. Sasa inakuja CREATE, ombi lile lile linalofungua faili la Excel, ila jina ni srvsvc peke yake, bila mkwaju wowote mbele. Hapa seva inatakiwa iangalie aina ya shea kabla ya kitu kingine chochote, ikiwa ni 0x02 basi lile jina lisikaribie kabisa mfumo wa mafaili, litafutwe kwa orodha ya paipu zinazojulikana, na kama halimo jibu ni STATUS_OBJECT_NAME_NOT_FOUND na mambo yaishe. Huo uamuzi mdogo wa hapo ndio umeleta balaa kubwa mbili huko nyuma, nitazieleza kwa swali la usalama.

Paipu ikifunguka klaienti anatuma ujumbe wa kwanza, unaitwa bind. Ukiutizama kwa Wireshark, programu ya kutizama data ya netiweki, unaanza hivi:

05 00 0b 03 10 00 00 00 48 00 00 00

Zile 05 00 ni toleo la DCE/RPC, lugha ya maswali yanayopita ndani ya paipu, 5.0. Hiyo 0b ni aina ya ujumbe, bind. 03 inasema hiki ni kipande cha kwanza na pia ndicho cha mwisho. 10 00 00 00 inaeleza namba zimeandikwa kwa mpangilio upi, baiti ndogo inatangulia. 48 00 ndio urefu wa ujumbe mzima, baiti 72, na 00 00 ya mwisho inasema hakuna data ya uthibitisho iliyobandikwa nyuma. Zinafuata baiti nne za namba ya wito, heda inatimia baiti 16. Mara nyingi mbele yake utaona b8 10 b8 10, hiyo ni 4280 mara mbili, ukubwa wa kipande ambacho klaienti anaweza kutuma na kupokea. Alafu inakuja UUID, namba ndefu ya kutambulisha, ya huduma anayoitaka, ya srvsvc ni 4b324fc8-1670-01d3-1278-5a47bf6ee188. Seva ikikubali inajibu kwa ujumbe wa aina 0c.

Baada ya hapo ndio swali lenyewe, ujumbe wa aina 00 wenye namba ya kazi 15, NetrShareEnum, maana yake nipe list ya shea zako. Kwa SMB2 kwenda juu hili kwa kawaida linabebwa ndani ya IOCTL, ombi maalum la SMB2, yenye namba 0x0011C017, FSCTL_PIPE_TRANSCEIVE, inayoandika na kusoma kwa safari moja. Jibu linarudi aina 02, dada anaona folda zake, klaienti anafunga paipu kwa CLOSE. Yote hayo kwa netiweki ya ofisi yanaisha kabla hajanyanyua kidole kwa kibodi.

Kitu kingine wengi hawakifikirii, swali linaingia likiwa na mwenyewe. Paipu imefunguliwa ndani ya kikao cha dada huyo, kwa hivyo ile programu inayojibu lazima ijue ni yeye, ndio iamue aonyeshwe nini na anyimwe nini. Na namba ya kushikia paipu ni ya kikao chake tu, mtu mwingine akiileta kwa kikao chake seva inafaa imkatalie, na kikao kikifa paipu zake zote zifungwe papo hapo zisibaki zikining'inia.

Naona STATUS_BUFFER_OVERFLOW kwa Wireshark, seva imeharibika?

Haijaharibika. Namba yake ni 0x80000005 na hiyo 8 ya mbele ni onyo, makosa yenyewe huanza na C. Klaienti anapotuma swali anasema pia nina nafasi ya baiti kadhaa za kupokea, tuseme 1024. Ikiwa ofisi ina shea nyingi na jibu ni baiti 3000, seva inatuma 1024 za kwanza pamoja na hilo onyo, zilizobaki inazishikilia, alafu klaienti anakuja kuzichukua kwa READ ya kawaida mpaka ziishe.

Ukiwa unaandika seva ama unarekebisha seva ya mtu, hapa pachunge sana. Nimeona seva ndogo ndogo ambazo zikikuta jibu ni refu zinatupa kilichobaki, ama zinatuma lile onyo bila data yoyote, na dalili yake inachanganya vibaya sana manake kwa ofisi yenye shea tatu kila kitu kinafanya kazi, ikifika shea thelathini list inakuja tupu na watu wanaanza kulaumu kebo.

Mbona ombi lingine linajibiwa STATUS_PENDING?

Kwa sababu paipu haina mwisho kama faili. Ukisoma faili ukafika mwisho unaambiwa basi imeisha, ukisoma paipu ambayo haina kitu saa hiyo inabidi ungoje, huenda jibu liko njiani. Seva ya SMB2 inatuma 0x00000103 kumwambia klaienti nimelipokea ombi lako, subiri, na inampa namba ya kulifuatilia.

Uzito wa jambo hili uko kwa upande wa seva. Kwa Samba kila klaienti ana prosesi yake ya smbd, programu kuu ya Samba, na hiyo prosesi moja inashika mafaili yake na paipu zake zote, sasa ikikwama ikingoja paipu ijibu basi hata lile faili alilokuwa anakopi linasimama, mtu anaona kompyuta imeganda na folda haihusiki hata kidogo. Ndio maana kusoma na kuandika paipu lazima kufanywe bila kuzuia kazi nyingine, na lazima CANCEL ifanye kazi, na mtu akifunga paipu huku kuna READ inangoja basi hiyo READ ijibiwe, isiachwe hewani.

Kwa SMB1 ilikuwa vipi?

SMB1 ni toleo la zamani la SMB. Ombi lilikuja ndani ya SMB_COM_TRANSACTION likiwa na jina \PIPE\ na namba ndogo ya kazi, 0x26 ilikuwa andika na usome, 0x23 ni chungulia bila kuchukua, 0x53 ni ngoja paipu ipatikane. Kulikuwa pia na \PIPE\LANMAN ya zamani zaidi. SMB1 imezimwa kwa Samba tangu toleo 4.11 la 2019 usipoiwasha mwenyewe, na ningekusihi uiache hivyo. Kama kuna mashine ya skana ama fotokopi ya zamani inayoitaka itenge kwa netiweki yake.

Nikipiga smbclient -L list inakuja alafu inaandika "SMB1 disabled -- no workgroup available". Nirekebishe nini?

Usirekebishe kitu. List ya shea imeshakuja kupitia srvsvc, hiyo sehemu ya pili ni smbclient inajaribu kuuliza majina ya wakgrupu kwa ile njia ya zamani ya LANMAN inayohitaji SMB1, inakosa, inakuambia. Kuna watu wanasoma hiyo laini wanakimbia kuwasha SMB1 ili ipotee, wanafungua mlango wa hatari kwa sababu ya ujumbe usio na madhara. Tafadhali msifanye hivyo.

Ndani ya Samba ni nani anajibu haya maswali?

Zamani ilikuwa smbd yenyewe. Kuanzia Samba 4.16 iliyotoka 2022 kazi hiyo imetolewa nje, kuna programu inaitwa samba-dcerpcd na chini yake wasaidizi: rpcd_classic anashika srvsvc, rpcd_lsad anashika lsarpc na samr, rpcd_spoolss printa, rpcd_winreg rejista. Kwa mpangilio wa kawaida huwashi kitu, smbd akipata ombi la paipu anamwasha samba-dcerpcd mwenyewe, kwa sababu rpc start on demand helpers iko yes, na msaidizi akikaa bila kazi anajizima.

smbd na msaidizi wanaongea kwa soketi za Unix zilizo ndani ya folda ndogo inayoitwa np, chini ya ncalrpc dir. Wakianza mazungumzo smbd anapeleka kwanza maelezo ya mtumiaji, ni nani, yuko kwa makundi gani, ametoka anwani gani, ndio baadaye baiti za swali zifuate. Mimi naona huu ulikuwa uamuzi mzuri sana, msaidizi mmoja akianguka smbd anabaki amesimama na mafaili ya watu hayakatiki, na logi zao ziko mbali mbali, ukitaka kujua list imekwama wapi unaenda moja kwa moja kwa log.rpcd_classic.

Yakhe, nikiandika \\seva\hesabu folda inafunguka vizuri, lakini nikiandika \\seva peke yake hakuna kitu ama inakataa. Nimebadilisha ruhusa mpaka nimechoka.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ruhusa za folda wala hazihusiki. Folda ikifunguka kwa jina lake maana yake netiweki iko sawa, paswadi iko sawa, smbd yuko hai, diski iko sawa. Kilichokwama ni srvsvc. Rudisha zile ruhusa ulizobadilisha, hasa kama ulifika kwa chmod 777, alafu fuata huku.

Anza kwa seva yenyewe, uliza paipu bila Windows kuingilia kati:

rpcclient -U amina 192.168.1.10 -c netshareenumall

Weka jina la mtumiaji wako hapo. List ikija hapo basi paipu iko sawa na shida iko upande wa Windows ama kwa faiawoli ya njiani. Isipokuja jaribu na -c lsaquery, hiyo inapitia lsarpc. lsarpc ikijibu na srvsvc ikikataa, shida iko kwa rpcd_classic peke yake, zikikataa zote mbili mtafute samba-dcerpcd.

Visababu ninavyovikuta mara nyingi ni hivi. Kuna nt pipe support = no iliyobaki kwa smb.conf, mtu aliiweka 2017 wakati wa ile hofu ya usalama nitakayoieleza mbele na hakuna aliyeitoa. Kuna AppArmor ama SELinux, walinzi wa ndani ya Linux, inayomkataza smbd kuwasha wasaidizi baada ya apdeti, hii utaiona kwa journalctl ukitafuta denied. Kuna pakeji kukosekana, kwa Fedora na jamaa zake wasaidizi wako kwa pakeji yao samba-dcerpc, na kwa kontena iliyopunguzwa sana huenda hawamo kabisa. Na kuna shea zenyewe kuwekwa browseable = no, hapo paipu inajibu vizuri tu ila haina cha kuonyesha.

Kwa upande wa Windows piga net view \\192.168.1.10 /all. Ikijibu kosa namba 53 hajaifikia seva, angalia netiweki. Ikijibu namba 5 amefika na amekataliwa, na hapo angalia ameingia kama nani, Windows za siku hizi hasa zile Pro na Enterprise hazitaki kuingia kama mgeni asiye na paswadi, kwa hivyo ile tabia yetu ya kuweka map to guest na kumaliza kazi haishiki tena kama zamani. Mpe kila mtu akaunti yake kwa smbpasswd -a, ni kazi ya mchana mmoja na itakuepusha na mengi.

Nikifungua tabu ya Security kwa Windows naona S-1-5-21 na namba ndefu badala ya majina ya watu.

Paipu tena, ila hii ni lsarpc. Windows imesoma ruhusa za faili ikapata namba, imerudi kwa seva kuuliza namba hii ni nani, jibu halikuja. Kama ni kwa faili moja moja tu basi pengine ni mtu aliyefutwa akaunti. Kama ni kila faili tizama rpcd_lsad, na kama uko kwa domeni tizama winbind pia, huduma ya Samba inayouliza majina kwa domeni.

Naweza kuzizima paipu zote ili niwe salama?

Unaweza, nt pipe support = no kwa [global] na uwashe upya smbd. Folda zitafunguka kwa anayejua jina lake. Utapoteza list ya shea, majina kwa tabu ya Security, kubadilisha paswadi kutoka Windows, printa za mtindo wa Windows, na kwa domeni usijaribu kabisa. Kama hatua ya dharura ya siku moja ukingoja apdeti inafaa sana. Kama maisha ya kila siku ya ofisi, mimi siishauri, watu watakupigia simu mpaka usiku na kinga yenyewe haikai mahali pa apdeti.

Hizi paipu ziliwahi kuleta hatari kweli ama ni maneno tu?

Kweli kabisa, na hapa naomba msome polepole.

Ya kwanza ni CVE-2017-7494 (CVE ni namba ya kusajili kosa la usalama), iliyotangazwa tarehe 24 Mei 2017, siku chache tu baada ya WannaCry, ile virusi ya kufungia watu mafaili, kutikisa dunia. Tangu toleo 3.5.0 la 2010 smbd alipoombwa paipu asiyoijua alikuwa anajaribu kupakia moduli yenye jina hilo. Mdukuzi mwenye ruhusa ya kuandika kwa shea moja tu anaweka hapo faili lake la maktaba ya Linux, kisha anafungua paipu ambayo jina lake ni njia nzima ya kulifikia lile faili, na smbd analipakia na kuliendesha kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Miaka saba hakuna aliyeliona. Marekebisho yalitoka kwa 4.6.4, 4.5.10 na 4.4.14, na kiini chake ni ukaguzi mfupi, jina la paipu likiwa na mkwaju / ndani yake linakataliwa.

Ya pili ni CVE-2023-3961, Oktoba 2023. Baada ya ule mpangilio mpya wa 4.16, jina la paipu likawa linatumika kutafuta soketi ndani ya ile folda ya np. Klaienti akituma jina lenye ../ anatoka nje ya folda na kumfanya smbd akonekti, kama root, kwa soketi ya huduma nyingine kabisa iliyo kwa mashine hiyo. Likarekebishwa kwa 4.19.1, 4.18.8 na 4.17.12.

Tizama mfanano wake, sehemu mbili tofauti za programu, miaka sita kati yake, na kosa ni lile lile: jina limetoka kwa mtu wa nje likageuzwa kuwa njia ya kitu kwa diski. Jina la paipu ni neno la kulinganisha na orodha, halitakiwi kugusa diski kabla halijakaguliwa.

Kwa hivyo piga smbd -V leo. Mkumbuke Debian na Ubuntu hutia kiraka kwa toleo la zamani bila kubadilisha namba kubwa, soma habari za pakeji yako kabla hujashtuka. Na mlango 445 usifunguliwe kwa intaneti hata kwa dakika kumi, mtu wa tawi la Nairobi akitaka mafaili mpe VPN.

Mtu asiye na paswadi anaweza kuingia IPC$?

Kwa mpangilio wa kawaida wa Samba anaweza, na baadhi ya maswali atajibiwa, hata kwa shea zilizofungwa vizuri. Kwa ofisi yenye waifai ya wageni hiyo hainipendezi. restrict anonymous = 2 inamzuia, lakini ukiwa na shea hata moja yenye guest ok = yes ile faida inaondoka, kwa hivyo zifuate kwanza hizo. Unaweza pia kuandika sehemu ya [IPC$] kwa smb.conf na kuweka hosts allow ya netiweki ya ofisi peke yake. Kwa seva ya domeni jaribu kwanza pembeni, kuna mashine za zamani zitalalamika.

Printa?

spoolss. Windows ikitaka draiva, foleni ama hali ya karatasi inauliza huko, na maswali yake ni mengi mno ukilinganisha na srvsvc. Kama ofisi inaprinti moja kwa moja kwa IP ya printa, weka disable spoolss = yes upunguze mzigo.

Na Mac?

Mac nayo inapata list ya shea kupitia srvsvc kama wengine. Utafutaji wa Spotlight kwa folda za seva unapitia paipu nyingine, mdssvc, na Samba inaweza kuijibu ikiwa imejengwa na kuwekwa hivyo, tangu 4.12 inaweza kutumia Elasticsearch nyuma yake. Usipoiweka, Mac inafanya kazi vizuri tu, ni utafutaji ndio unakuwa wa polepole.

Naandika seva yangu ndogo ya SMB2 kwa mradi wa chuo, nianze na paipu zipi?

srvsvc kwanza, na ndani yake namba 15 ya list, namba 16 ya habari za shea moja na namba 21 ya habari za seva. Alafu wkssvc, manake Windows huuliza huko pia. lsarpc ifuate. Mtizame ksmbd, seva ya SMB iliyoingia kwa kernel ya Linux 5.15 mwaka 2021: mafaili yanashikwa ndani ya kernel lakini maswali ya paipu yanatolewa nje kwa programu ya ksmbd.mountd, na inajibu paipu chache tu, hizo hizo za lazima. Mgawanyo huo uige, usomaji wa ujumbe wa RPC una vipimo vya urefu kila mahali na ndiko makosa ya kumbukumbu hupenda kuzaliwa.

Kwa kila paipu weka bafa mbili, ya kuingia na ya kutoka. Ukipokea data soma baiti 16 za heda, chukua urefu kwa baiti ya 8 na ya 9 ukihesabu kutoka sifuri, ukague usiwe chini ya 16 wala juu ya kile mlichokubaliana kwa bind, alafu ngoja mpaka utimie. Usidhani WRITE moja ni ujumbe mmoja mzima, klaienti anaruhusiwa kuukata, na usidhani utakuwa na kipande kimoja, ile baiti ya 03 ikija 01 jua bado kuna vingine. Jibu likizidi nafasi ya klaienti rudisha 0x80000005 na utunze kilichobaki.

Ukimaliza jijaribu kwa rpcclient, kwa smbclient -L, na kwa Windows halisi, alafu tengeneza shea mia moja za uongo uone kama list bado inakuja nzima.